Kumpendekeza mtu kwa tuzo ya manispaa, kuanzia tangazo hadi jukwaani

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, ila hawakutuambia nani anavika. Kwenye tuzo za manispaa, anayevika ni yule aliyekaa chini jioni moja akajaza fomu. Majaji hawapiti mitaani kutafuta watu wema. Wanasoma kilichofika mezani. Nimekuwa pande zote mbili za meza hiyo: nimeandika mapendekezo yaliyoanguka, na nimekaa kwenye jopo lililoangusha ya wenzangu. Kila mwaka kisa ni kilekile. Mtu anayejulikana mtaa mzima, ambaye kila mmoja angeapa kwamba anastahili, hana fomu hata moja, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake keshaandika.

Basi chukulia kwamba hakuna aliyeandika. Jipe wiki nne. Ukiwa na siku tatu utaweza kujaza fomu, lakini barua za kuunga mkono zitakuja zimeandikwa mbio mbio, na jaji huliona hilo tangu mstari wa kwanza.

Nitatumia mtu mmoja wa mfano mpaka mwisho: mama anayefundisha watoto kuchora, bila malipo, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Yeye mwenyewe ni mchoraji. Nimemchagua makusudi, maana watu wa namna yake ndio wanaopotea katikati: nusu msanii, nusu mtu wa kujitolea.

Hatua ya 1: Soma tangazo kama unavyosoma mkataba

Lisome mara mbili, ya pili ukiwa na kalamu. Unatafuta nani anaruhusiwa kupendekezwa, kazi ya kipindi gani inahesabiwa, nani haruhusiwi kupendekeza, na nani anaamua.

Tuzo nyingi zinataka mtu awe anaishi au anafanya kazi ndani ya mipaka ya manispaa. Kazi ya mshahara kwa kawaida haihesabiwi kuwa kujitolea. Muuguzi hapati tuzo kwa zamu zake za hospitali, hata awe mpole namna gani, ila anaweza kuipata kwa kliniki anayoiendesha Jumamosi bila kulipwa. Madiwani walioko madarakani na watumishi wa ofisi inayotoa tuzo mara nyingi huzuiwa. Zipo zinazoruhusu mtu ajipendekeze, hasa za sanaa. Kwingine ukijipendekeza umejitoa mwenyewe.

Waliofariki wana kanuni zao. Tuzo ya Nobel, kwa mfano, tangu 1974 haimpi marehemu isipokuwa aliyefariki baada ya jina lake kutangazwa. Manispaa moja itafuata njia hiyo, nyingine itakuwa na heshima ya kumbukumbu kwa waliotangulia. Usikisie. Piga simu uulize.

Nani anaamua nalo ni swali kubwa kuliko linavyoonekana. Tuzo za kila mwaka huachiwa jopo la watu wachache wenye karatasi ya alama. Heshima za juu hupita kwenye baraza zima la madiwani. Kule England na Wales, sheria ya serikali za mitaa ya 1972 inataka hadhi ya raia wa heshima wa mji ipitishwe na angalau theluthi mbili ya madiwani wanaopiga kura, tena kwenye kikao kilichoitishwa kwa shughuli hiyo. Ukiandikia jopo, ifuate karatasi ya alama kigezo kwa kigezo. Ukiandikia baraza, andika kitu ambacho diwani asiyemjua mtu wako anaweza kukisoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kukwama.

Mwisho wa hatua hii, tafuta orodha ya waliowahi kushinda. Mara nyingi inakuambia mengi kuliko vigezo. Tuzo ya Goethe ya jiji la Frankfurt ilianza mwaka 1927 kwa kumpa mshairi, Stefan George, na mtu angeweza kudhani ni mali ya washairi. Mwaka 1930 ikaenda kwa Sigmund Freud, daktari. Medali ya Handel ya jiji la New York, inayotolewa tangu 1959, ina jina la mtunzi wa muziki, lakini imewafikia pia watunzi wa densi kama George Balanchine na Alvin Ailey. Kwa hiyo usimwondoe mtu wako kwenye mbio kwa sababu ya jina la tuzo tu. Na ukiona miaka mitano mfululizo wameshinda wanamuziki watupu, usikate tamaa kwa ajili ya mchoraji wako. Jopo lenyewe huenda limeshaanza kuona aibu.

Hatua ya 2: Chagua kipengele kimoja, kisha kisahau kingine

Mama wetu wa rangi anafaa kwenye kipengele cha sanaa na pia kwenye kile cha kujitolea. Kishawishi ni kuandika maelezo yanayogusa pande zote mbili, mtego unase popote. Hayatanasa popote. Jaji wa sanaa atauliza, michoro yake mwenyewe iko wapi? Jaji wa kujitolea atauliza, mbona nusu ya ukurasa ni maonyesho na rangi za mafuta?

Jiulize swali moja: kazi hii ikisimama kesho, nani atalia? Wakilia watoto na wazazi wao, huyo ni wa kujitolea. Wakilia watazamaji na wasanii wenzake, ni wa sanaa. Kwa mama wetu, jibu ni watoto.

Nilijifunza hili vibaya. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa la mzee mmoja aliyefundisha vijana kupiga gitaa. Nikamweka kwenye kipengele cha mafanikio ya maisha yote, kwa heshima, kwa sababu ya mvi zake. Alishindanishwa na watu wenye albamu na ziara za nchi za nje, akakosa. Kwenye kipengele cha elimu ya sanaa, mwaka ule, walioomba walikuwa wawili.

Hatua ya 3: Zungumza naye

Baadhi ya fomu zinataka saini ya anayependekezwa, hivyo huna namna. Hata zisipotaka, mwambie. Kumshtukiza mtu jukwaani kunapendeza kwenye video, lakini yapo mambo ya maisha yake usiyoyajua. Pengine hataki anwani yake ijulikane, au hataki picha yake gazetini. Pengine ana ugomvi wa zamani na ofisi hiyohiyo.

Watu wa kujitolea wana jibu lao la kudumu: "Mimi sifanyi kwa ajili ya sifa." Usibishane nalo, ni la kweli. Mwambie kwamba tuzo inasaidia darasa. Maktaba itafikiri mara mbili kabla ya kumnyang'anya chumba, na anayetaka kuleta makaratasi atajua ayapeleke wapi. Nimeona sababu hiyo ikiwalainisha watu waliokataa kwa miaka.

Akikataa bado, funga daftari. Usimwandikie kwa siri.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi, na hesabu saa

Hapa ndipo mapendekezo mengi yanapofia, na ndipo ningekuomba utumie nusu ya muda wako.

Anza na saa. Usiseme "anatumia muda mwingi". Kaa naye ukiwa na kalenda. Anafundisha lini? Jumanne na Alhamisi. Saa ngapi? Tatu kila siku. Hizo ni saa 6 kwa wiki. Wiki ngapi kwa mwaka, ukiondoa likizo na siku alizougua? Sema 40. Umepata saa 240 kwa mwaka. Kisha muulize swali ambalo yeye mwenyewe hajawahi kujiuliza: unapofika nyumbani, kazi imekwisha? Hapo ndipo utasikia habari ya brashi. Kila Ijumaa anakaa kwenye sinki saa nzima, anaosha brashi, anakwangua rangi iliyoganda kwenye vifuniko, anapanga karatasi za wiki inayofuata. Hiyo ni saa 1 nyingine kwa wiki. Jumla inakuwa 280.

Tofauti hiyo si ya kupuuza. Marekani ilikuwa na tuzo ya rais ya huduma ya kujitolea, iliyoanzishwa mwaka 2003, iliyopanga watu kwa saa za miezi 12: mtu mzima alihitaji saa 100 kwa ngazi ya shaba, 250 kwa fedha, 500 kwa dhahabu, na kulikuwa na ngazi ya maisha yote ya saa 4,000. Kwa kipimo hicho, mama mwenye saa 240 angebaki kwenye shaba. Brashi zingempandisha kwenye fedha. Manispaa nyingi hazina ngazi kali namna hiyo, lakini jaji akiona hesabu iliyofanywa kwa uangalifu huamini hata yale yasiyohesabika. Ukikadiria, andika kwamba umekadiria na useme umefikaje hapo. Namba iliyotiwa chumvi hunuka.

Baada ya saa, tafuta vitu vya kushikika: daftari la mahudhurio, barua ya shukrani kutoka kwa mzazi, picha zenye tarehe, kipande cha gazeti, tangazo la maonyesho ya watoto lililobandikwa mlangoni. Picha za watoto zinahitaji ruhusa ya wazazi wao, kwa maandishi, kabla hazijatoka kwenye simu yako.

Ukiwa umechagua kipengele cha sanaa, ushahidi ni mwingine kabisa. Jaji anataka kuiona kazi. Chagua kazi tatu zilizo bora, wala usitume thelathini. Ukituma thelathini, unamwachia yeye akuchagulie, na atachagua mbaya. Mchoro upigwe picha mchana, kwenye kivuli, bila mwako wa kamera, kamera ikitazamana nao sawasawa ili pembe zisipinde. Andika vipimo, maana kwenye skrini ukuta mzima na kadi ya posta vinalingana. Wimbo au igizo, kata kipande kinachoanza pale pazuri. Jaji hatangoja dakika mbili za utangulizi. Kama kazi ilifanywa na kundi, sema mtu wako alifanya nini ndani yake: alitunga, alipiga ngoma, alishona mavazi? Nimewahi kuona watu wawili wakipendekezwa kwa mchoro uleule wa ukutani, kila mmoja akiitwa mchoraji wake. Wote wawili walikosa.

Hatua ya 5: Andika maelezo

Fomu nyingi zina kikomo cha maneno. Kiheshimu. Jaji ana rundo mbele yake, na la kwako linaweza kuwa la mwisho kabla ya chakula.

Hili ni pendekezo la aina ninayokutana nayo kila msimu:

"Mama huyu ni mchapakazi asiyechoka, nguzo na kioo cha jamii yetu. Ana upendo wa kipekee kwa watoto na amegusa maisha ya wengi. Mchango wake hauwezi kuelezeka."

Kama hauwezi kuelezeka, jaji afanye nini? Ukibadilisha neno "watoto" kuwa "wazee" au "mbwa", pendekezo linasimama vilevile. Hicho ndicho kipimo changu: kama maelezo yanaweza kumvaa mtu mwingine bila kupunguzwa popote, hayajaandikwa bado.

Sasa soma hili:

"Tangu 2018, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, anafungua chumba cha nyuma cha maktaba na kufundisha watoto kuchora. Rangi na karatasi ananunua mwenyewe. Alianza na watoto 4; daftari la mahudhurio la mwezi uliopita lina majina 31. Wanafunzi wake wawili wa kwanza sasa wanamsaidia kufundisha. Mwaka jana chumba kilipofungwa miezi mitatu kwa ukarabati, alihamishia darasa kibarazani kwake, na daftari halionyeshi hata siku moja ya darasa iliyorukwa."

Hakuna sifa hata moja humo. Neno "asiyechoka" halipo, lakini jaji atalisema mwenyewe akifika kwenye kibaraza, na jaji akishalisema mwenyewe, atalitetea mbele ya wenzake. Mstari wa wale wanafunzi wawili unafanya kazi kubwa zaidi ya yote, kwani unaonyesha kwamba kazi imeshaanza kuzaa walimu wengine.

Anza na tendo. Usianze na wasifu wa kuzaliwa, shule alizosoma na idadi ya ndugu zake. Kisha pitia vigezo vya tangazo kimoja baada ya kingine uone kila kimoja kimejibiwa wapi. Kigezo kisichojibiwa kinapewa sifuri, hata kama jaji anamfahamu na kumpenda mtu wako, kwa sababu karatasi ya alama haina nafasi ya mapenzi. Mpe mtu mmoja asiyemjua kabisa asome. Mwambie akueleze kwa mdomo mtu huyu anafanya nini. Pale atakapobabaika ndipo pa kurekebisha.

Hatua ya 6: Barua za kuunga mkono

Mbili zinatosha, isipokuwa tangazo liseme vingine. Tuzo ya Mfalme ya Huduma ya Kujitolea ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa jina la Malkia, nayo inataka barua mbili kwa kila kikundi, na hiyo ni heshima ya kitaifa.

Zitoke pembe mbili tofauti. Kwa mama wetu, moja iandikwe na mzazi, nyingine na msimamizi wa maktaba. Mzazi anajua mtoto wake alirudi nyumbani na nini mkononi. Msimamizi anajua chumba kilikuwaje kabla, na nani anakifunga usiku. Ndugu wa damu waache.

Kosa la kawaida ni kumwandikia mtu barua kisha kumwomba atie saini. Barua mbili zenye "nguzo ya jamii" kwenye mstari wa tatu hujitangaza zenyewe kwamba zimetoka mkono mmoja. Mpe mwandishi swali badala ya maneno: "Tueleze siku moja uliyomwona akifanya kazi." Barua fupi yenye makosa ya tahajia, ikisimulia siku moja ya kweli, imewahi kunifanya nipandishe alama. Barua ya kiongozi mkubwa asiyemjua mtu huyo haijawahi.

Hatua ya 7: Tuma kabla ya siku ya mwisho

Ipe kila faili jina linaloeleweka, lenye jina la mtu na kilichomo, siyo "picha mpya 2 ya mwisho kabisa". Angalia ukubwa wa faili unaoruhusiwa. Fungua viungo vya video ukiwa kwenye simu ya mtu mwingine, maana kwako vitafunguka hata kama umevifunga kwa wengine wote. Tafuta saini zilizosahaulika ukurasa kwa ukurasa. Tuma siku mbili kabla, kisha omba uthibitisho wa kupokelewa na uuhifadhi.

Kuhusu kalenda: Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitenga Desemba 5 kuwa siku ya kimataifa ya wanaojitolea mwaka 1985, na tuzo za kujitolea mara kwa mara huangukia karibu na siku hiyo. Fomu hufungwa mapema sana kabla ya hafla. Ukianza kuuliza hafla inapotangazwa, umeshachelewa.

Hatua ya 8: Subiri kimya, halafu jiandae kwa hafla

Usimpigie jaji. Usimtume diwani akamsemee mtu wako. Jaji mwaminifu atalazimika kulitaja hilo kwenye kikao, na hapo umemharibia mtu asiye na kosa. Kama unamfahamu jaji mmoja kwa undugu au biashara, liandike kwenye fomu mapema. Yeye atatoka chumbani wakati wa jina hilo, na mambo yataendelea.

Akishinda, thibitisha mambo madogo kwa maandishi: tahajia ya jina kwenye cheti, jina linavyotamkwa, kama ukumbi una njia ya kiti cha magurudumu, nani atapanda naye. Na kama hawezi kufika, nani atamwakilisha. Turudi kwa Freud: mwaka ule wa 1930 hali yake ya afya haikumruhusu kusafiri, akamtuma binti yake Anna kwenda Frankfurt kusoma hotuba kwa niaba yake. Kwa hiyo andaeni hotuba kwenye karatasi hata kama mshindi anasema ataongea tu kutoka kichwani. Dakika mbili zinatosha. Aliyezoea kuongea na watoto 31 anaweza kukauka koo mbele ya meya.

Hatua ya 9: Akikosa

Omba maoni ya jopo, kwa upole na kwa maandishi. Wengine watakupa alama za kila kigezo, wengine watakupa sentensi moja, wengine hawatajibu. Uliza pia kama pendekezo linaweza kubebwa mwaka unaofuata au lazima uandike upya.

Mwambie mtu wako wewe mwenyewe, asisikie kwa jirani. Mpe nakala ya barua mbili za kuunga mkono, kama walioziandika wameridhia. Yule mzee wa gitaa alikosa, kama nilivyosema, lakini barua ya mwanafunzi wake aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya kiti chake cha kufundishia.

Faili usilifute. Fungua karatasi mpya ya mwaka ujao, na Jumanne ijayo muulize mama ni watoto wangapi wamekuja.